Bia inanuka ndizi na karafuu: imechacha au ndivyo ilivyo?

Binti mmoja anayeuza kaunta Mikocheni kaniandikia hivi: "Shikamoo mjomba. Bosi kaleta bia ya kiwanda kidogo cha hapahapa Dar, wanaiita ya mtindo wa Kibelgiji, ya dhahabu, asilimia 8, ipo ya pipa na ya chupa. Wateja wanarudisha. Mmoja anasema imechacha, mwingine anasema mmeweka manukato, mwingine anasema inanuka ndizi. Bosi anasema mi ndo sijui kuuza na glasi zinazorudi ananikata. Mi nimezoea Safari na Kili, nikiionja naona kweli ina kitu lakini siwezi kusema ni kitu gani. Nitajuaje kama ni nzima au imeharibika?"

Marahaba binti yangu. Nianze na jibu lenyewe afu ndo nieleze. Kwa maelezo yako hiyo ndizi ni haki yake kuwepo, na hayo "manukato" nadhani ni karafuu, nayo ni haki yake. Ila huyo anayesema imechacha usimpuuze, maana bia ya dhahabu ya namna hiyo haitakiwi kuwa na uchachu wa siki hata kidogo. Kwa hiyo una malalamiko matatu, mawili sio kosa, moja linaweza kuwa kosa, na hata likiwa kosa mara nyingi linakuwa limetokea hapohapo bar kwenye mpira wa bia, ule unaoileta kutoka kwenye pipa mpaka bombani, na sio kiwandani, na kwa vyovyote vile sio wewe uliyelitengeneza. Nimefanya kazi ya kuonja bia kwa miaka, kazi ya mshahara kabisa, saa nne asubuhi kabla tumbo halijajaa unakaa peke yako na glasi tano mbele yako unaandika unachokisikia, kwa hiyo haya nakwambia nimeyanusa kwa pua yangu.

Kwanza neno lenyewe linatuponza. Maharage yakilala nje ya friji usiku mzima yamechacha, unamwaga. Lakini bia yoyote unayoijua, hata hiyo Kili, imepita kwenye kuchachuka, bila hivyo ingekuwa maji matamu ya shayiri tu ambayo hata mtoto ungempa. Kwa hiyo mteja akisema imechacha we jiulize nani kaichachusha. Ni hamira ile mpika bia aliyoichagua na kuipangia kazi, au ni mdudu aliyeingia mwenyewe bila kuitwa? Hapo ndo penye jibu lako lote, kila harufu utakayoisikia kwenye glasi hiyo irudishe kwenye swali hilo, imetokea wapi.

Sasa hamira. Safari, Kili, Serengeti, Ndovu, Balimi, zote ni lager, na hamira ya lager inafanya kazi kwenye baridi, kama nyuzi 8 mpaka 14 hivi, polepole, na ni hamira ya kimyakimya, inakula sukari inatoa kilevi na gesi bila kuacha harufu yake nyingi, ndo maana ukinywa lager unasikia kimea, unasikia uchungu kidogo wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, basi. Hamira za Kibelgiji ni watu wengine kabisa. Hizo zinafanya kazi kwenye joto, nyuzi 18 mpaka 25 na wengine wanaziachia zipande zaidi ya hapo, zinachangamka, na huku zinakula sukari zinatema vitu vyao ndani ya bia. Kimojawapo kinaitwa isoamili asetati, na hiki ndo kitu kikuu kinachofanya ndizi mbivu inukie ndizi, yaani sio kwamba kinafanana, ni kitu kilekile. Kingine kiko kwenye ukoo wa fenoli, hamira inakitengeneza kutoka kwenye asidi iliyomo ndani ya nafaka yenyewe, na ni ndugu wa damu wa eujenoli, ambayo ndo mafuta ya karafuu. Kwa hiyo hakuna mtu aliyemenya ndizi pale kiwandani wala hakuna aliyetia karafuu, ni shayiri, maji, hopsi, mara nyingi na sukari kidogo, afu hamira ndo imefanya yote yale.

Nilikuwa na chupa ya Tripel ya Westmalle nyumbani, bia ya Kibelgiji ya dhahabu, mgeni aliniletea. Jirani yangu ni mama mtu mzima aliyekulia Wete, Pemba, kwenye karafuu, hanywi pombe maisha yake yote na sikumwambia aonje, ila tulikuwa tumekaa barazani na harufu ilipomfikia akageuka mwenyewe akauliza, "nani kaanika karafuu?" Nikamuuliza inanuka karafuu ya namna gani. Akafikiri, akasema sio ile kavu ya dukani, ni ile ya siku ya kwanza juani, bado mbichimbichi, imechanganyika na makonyo, na kuna kitu kitamu nyuma yake kama ndizi zilizosahaulika kapuni. Nimekaa na wataalamu wenye vyeti wakaandika ukurasa mzima na wasifike alipofika yule mama kwa sentensi moja. Nakwambia hivi ujue kwamba pua unayo tayari, we umekulia kwenye nchi ya viungo, pilau umekula tangu mtoto, unachokosa ni mazoezi ya kutaja jina tu, na hayo nitakupa.

Hiyo Westmalle ndo bia ambayo wengi wenye kupika bia ya dhahabu kali wanaiangalia kama mfano. Ni watawa wa Kitrapisti karibu na mji wa Antwerp, wanapika tangu 1836, na Tripel yao ilitoka 1934, ina asilimia 9.5. Kuna Duvel pia, asilimia 8.5, na jina lake kwa lahaja ya kule maana yake shetani. Sasa angalia kitu kimoja ambacho wateja wako wanaweza wasikitambue. Bia kali namna hiyo ungetegemea iwe nzito kama uji, lakini Wabelgiji wanatia sukari kwenye upishi, hamira inaimaliza yote, kilevi kinapanda na mwili wa bia unabaki mwepesi na mkavu, kwa hiyo inashuka kooni kama maji. Hapo ndo hatari ilipo. Glasi ya mililita 330 ya hiyo bia yako ya asilimia 8 ina kilevi mililita 26 na ushee, chupa nzima ya nusu lita ya Kili ya asilimia 4.5 ina 22 na nusu. Yaani glasi moja ndogo inaizidi chupa nzima, na mteja anayejipimia kwa idadi ya glasi kama alivyozoea atainuka pale kwenye kiti na kushangaa. Mwambie kabla hajaagiza ya pili, hasa kama umeona funguo za gari au boda inamsubiri nje.

Na mwenye kukwambia "hii sio bia, bia gani inanuka ndizi", kama ni mtu wa Moshi mkumbushe mbege. Pale ndizi zipo kweli, zinapikwa, zinakaa, inatiwa togwa ya ulezi uliooteshwa, na uchungu wake unatoka kwenye magome ya msesewe, ambao ndo unafanya kazi ile hopsi inafanya kwenye bia ya Wazungu. Yeye tayari anaijua ladha ya ndizi, uchungu na kilevi kwenye chombo kimoja. Na mtu wa pwani anaijua mnazi, inagemwa asubuhi tamu, jioni inawaka ulimi, hakuna aliyetia hamira, imejitafutia yenyewe hewani na kwenye kibuyu. Basi pembeni ya Brussels kuna wapika bia ya lambiki wanafanya mambo ya jinsi hiyo makusudi, miezi ya baridi wanaacha maji ya kimea usiku kucha kwenye sinia kubwa la wazi, vijidudu vinaingia, afu yanakaa kwenye mapipa ya mbao hata miaka, na bia inayotoka ni chachu kwelikweli. Cantillon wanafanya hivyo palepale mjini. Kwa hiyo uchachu kwenye bia ya Kibelgiji sio kosa siku zote, inategemea ni bia gani, na ndo maana kabla ya kuhukumu lazima umuulize mpika bia alikuwa anapika nini. Hiyo yako ya dhahabu asilimia 8 sio lambiki. Ikichacha, imechacha.

Kuna na hili la manukato, huyo mteja sio mjinga hata kidogo. Zipo bia za Kibelgiji ambazo kweli zinatiwa viungo, ile nyeupe ya ngano kama Hoegaarden inatiwa giligilani na maganda ya machungwa, ni upishi wa zamani uliokuwa umekufa kabisa mpaka Pierre Celis, ambaye alikuwa muuza maziwa, akaufufua miaka ya 1960. Waulize kiwandani waziwazi kama wametia kiungo chochote, ili ukimjibu mteja ujibu kitu unachokijua.

Sasa tuje kwenye ubaya. Mi nikifundisha vijana nawaambia kila harufu nzuri kwenye bia hizi ina ndugu yake mtukutu, wanafanana sura, na kazi yako ni kuwatofautisha. Ndugu mtukutu wa ndizi ni ethili asetati, inanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hamira ikifanya kazi kwenye joto lililopitiliza, na Dar hapa mwezi wa pili bila mtambo mzuri wa kupoza joto linapitiliza lenyewe, inaanza kutoa harufu kali ya kuchoma pua, na kilevi nacho kinakuwa cha moto kinachokwaruza koo. Ukisikia ndizi mbivu sawa, ukisikia saluni ya kucha hapana. Ndugu mtukutu wa karafuu ni dawa ya hospitali, bandeji mpya, plasta. Hiyo mara nyingi ni klorini imekutana na fenoli, inawezekana maji ya kupikia hayakuchujwa vizuri kiwandani, lakini inawezekana vilevile kuna mtu hapo bar anasuuza glasi au mpira kwa dawa ya klorini na hasuuzi tena kwa maji safi. Chunguza kwenu kwanza kabla hujapiga simu kiwandani. Kuna na harufu ya siagi, kama bisi za moto, na ulimi unateleza kama umepaka mafuta, hiyo kwenye bia yako sio nzuri, ama hamira haikupewa siku zake za kumalizia kazi, ama bakteria wamejenga kwenye mpira. Na siki basi unaijua, siki ya kachumbari, ikija na siagi pamoja na bia ni ya pipa, mi mtu wa kwanza kumshuku ni mpira.

Harufu ya ngozi na zizi la farasi ndo ya kuwa nayo makini zaidi. Hiyo inaletwa na hamira nyingine inaitwa Brettanomyces, Claussen wa Carlsberg kule Denmark ndo aliyeipa jina mwaka 1904 akiwa anachunguza bia za Kiingereza. Orval, bia nyingine ya watawa, inatiwa hamira hiyo kwa makusudi na watu wanaisafiria. Kwenye Orval ni sifa, kwenye hiyo yenu kama mpika bia hakuitia ni mgeni aliyevamia. Harufu ni ileile moja, hukumu ni mbili, kwa sababu ya nani kaialika.

Mazoezi sasa, na hayana gharama kubwa. Nunua karafuu za mia mbili gengeni, ndizi moja iliyoanza madoa meusi, siki kidogo, kata kipande cha boksi ukilowanishe. Fungua lager moja ya kawaida ambayo unaijua vizuri, igawe kwenye glasi nne ndogo. Moja tia karafuu mbili, nyingine kipande cha ndizi kilichopondwa, nyingine matone machache ya siki, ya nne iache ilivyo, zifunike zote kwa visahani dakika kumi. Toa karafuu na ndizi, mwombe mwenzako azichanganye wewe ukiwa umegeuka, afu nusa moja moja utaje. Siku ya kwanza utakosea, siku ya tatu hukosei. Boksi lililolowa linuse lenyewe tu, hiyo ndo harufu ya bia iliyozeeka, iliyokaa sana au iliyosafirishwa kwenye joto. Na la mwisho, kama unapata bia ya chupa ya kijani, nunua mbili, moja iweke friji, nyingine iache juani saa nzima mchana wa Dar, ipoze, afu zinuse pamoja. Ile ya juani nyingi zinatoa uvundo ambao Wazungu wanaufananisha na mnyama wao, sisi tunaye kicheche, ni uvundo wa jinsi hiyo. Ni mwanga umegonga hopsi. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa, ya kijani na nyeupe hazizuii, kwa hiyo hizo chupa zenu kama zimepangwa dirishani kwa ajili ya urembo ziondoe leo.

Ukishazoea majina ndo uje kwenye glasi yenyewe, na hapa kosa kubwa la bar zetu ni baridi. Mteja wa Kitanzania unamuuliza "ya baridi au ya moto?" na majibu ni hayo mawili tu. Wale wazee wanaoagiza ya moto vijana wanawacheka lakini wanasikia bia kuliko wote, maana baridi kali inaufunga ulimi na harufu hazipandi. Ile Tripel yangu ya barazani niliifuatilia kwa dakika arobaini. Ilipotoka friji nyuzi kama 4 ilikuwa ni lager tu yenye gesi nyingi, hakuna ndizi hakuna karafuu, kitu pekee ni ukavu na sindanosindano ulimini. Baada ya dakika kumi hivi, glasi bado inatoka jasho, karafuu ikaja kwanza, ndo hapo jirani aligeuka, afu ndizi, afu kitu kama ganda la chungwa na pilipili manga, na uchungu wa hopsi ukajipanga nyuma safi. Hapo ilikuwa kama nyuzi 8 mpaka 12 na hapo ndo nyumbani kwake. Nikaiacha kusudi, joto la jioni la Dar linafanya kazi haraka, na ilipofika karibu na joto la chumba ndizi ikageuka nzito, kilevi kikatokeza mbele kikakaa juu ya kila kitu. Bia ileile, chupa ileile. Kwa hiyo wateja wako watatu inawezekana kabisa walionja bia moja kwenye joto tofauti. We itoe friji dakika tano sita kabla, au mpe na mwambie aende nayo polepole.

Povu nalo. Najua wateja, "nimenunua bia au nimenunua povu?" Kwenye hii povu la vidole viwili lazima liwepo, linabeba harufu na linatoa gesi iliyozidi ambayo ingemjaa tumboni, ndo maana glasi zao kule ni kubwa kuliko bia inayoingia. Tumia glasi ya mvinyo yenye tumbo kama hamna nyingine. Na iwe safi ya kweli, sifongo la sahani za nyama lisiguse glasi za bia, mafuta kidogo tu au sabuni iliyobaki povu linakufa palepale. Angalia ubavuni mwa glasi, vipovu vikiwa vimeganda kwenye kioo kama jasho ujue ni uchafu. Suuza kwa maji baridi kabla ya kumimina, inamisha, mimina pembeni, nusu ya mwisho isimamishe. Ya chupa ina hamira imelala chini, hayo mawingu na machicha sio uchafu, ni hamira ileile imetiwa isindike gesi humohumo ndani, we ihifadhi imesimama, mimina kwa mkono mmoja usioyumba na acha kidole kimoja chini. Mteja akitaka na mashapo yake mpe, hayadhuru, ila ladha inakuwa ya mkatemkate na uchungu wa hamira.

Ukionja, toka karibu na jiko la mshikaki, moshi unakula pua nzima, na siku hiyo usijipulizie pafyumu wala usipake mafuta ya midomo yenye harufu. Nusa kwanza kabla ya kuonja, fupifupi mara mbili tatu, usivute kama unanusa maua. Afu onja kidogo na umeze, maana ukimeza harufu inapanda puani kwa nyuma na huko ndo utaisikia karafuu vizuri. Kama huamini ziba pua ule pipi ya chungwa, utasikia utamu na ukali tu, achia pua na chungwa lote linakuja. Na ile picha ya shuleni kwamba utamu uko ncha ya ulimi na uchungu uko nyuma isahau, sio kweli, ulimi wote unasikia vyote.

Kuhusu huyo wa "imechacha", fanya hivi. Chukua glasi ya pipa na glasi ya chupa, za tarehe moja ya kupikwa kama unaweza, zionje pamoja. Chupa ikiwa nzima na ya pipa ina siki au siagi, mara nyingi tatizo ni lenu, mipira na bomba. Mipira inatakiwa isafishwe kwa dawa yake kila wiki mbili, sio maji peke yake, na bomba lenyewe lifunguliwe lisuguliwe. Bia iliyolala kwenye mpira usiku kucha ivute umwage asubuhi, usimpe mteja wa kwanza. Umeme ukikatika pipa linapata joto na wadudu wanasherehekea, ziandike siku hizo. Zote mbili zikiwa na siki, rudisheni kiwandani na mpika bia wa kweli atashukuru, mi nilipokuwa upande wao hakuna kitu tulichokithamini kama mtu wa kaunta anayepiga simu na kusema "pipa hili lina siagi" badala ya kusema "watu hawaipendi".

Bosi wako mwambie haya kwa upole lakini na hili pia alijue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukukata mshahara kwa hasara hivihivi tu, lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, uwe umeelezwa na kupewa nafasi ya kujitetea, na uwe umekubali kwa maandishi. Mteja kutoipenda harufu ya bia sio kosa la mhudumu. Badala ya kukata akuruhusu kuonjesha, mililita hamsini tu kwenye glasi ndogo kabla mteja hajalipa, na wewe useme maneno machache, "hii ina harufu ya ndizi na karafuu, imetoka kwenye hamira hawajatia kitu, na ni kali kuliko bia mliyozoea, onja kwanza". Asiyeipenda ataagiza Safari yake na hakuna glasi inayorudi. Akiuliza ale na nini mpe samaki wa kupaka au pweza wa nazi, ile gesi inakata mafuta ya nazi vizuri sana, ila mwenye kupenda pilipili nyingi mtahadharishe, kilevi kinaongeza moto wa pilipili mdomoni.

Pipa jipya likija, vuta glasi ya kwanza kabla wateja hawajaingia, ifunike kwa kisahani, nenda nayo nje mbali na jiko, subiri dakika tano, afu funua. Uniandikie umesikia nini kwanza na nini pili, na kama ya chupa imesema hivyohivyo.